Maisha ya Bibi Florence Lawrence, Aliyeipa Motokaa Mkono wa Kuashiria

Hakuna hata mmoja wetu asiyepata kupanda basi, na kila aliyepanda basi amesikia ule mlio mdogo wa tik, tik, tik unaotoka karibu na usukani dereva anapotaka kukata kona. Dereva hunyosha kidole kimoja tu, akakisukuma kijiti kilichochomoza ubavuni mwa usukani, na mara taa za upande mmoja zikaanza kumetameta mbele na nyuma. Jambo lenyewe ni dogo, wala abiria hageuzi shingo kulitazama. Walakini kuna mtu aliyefikiri, kabla ya wengi, kwamba motokaa yapasa iseme yenyewe inakokwenda. Mtu akiulizwa ni nani huyo, atadhani ni fundi fulani wa kiwandani mwenye mikono iliyojaa grisi. Sivyo. Alikuwa mchezaji wa sinema, tena mwanamke, ambaye kwa muda sura yake ilijulikana na watu wengi mno wasiojua jina lake. Huyo ni Bibi Florence Lawrence, na habari zake ndizo ninazoziandika hapa.

Alizaliwa tarehe 2 Januari 1886 katika mji wa Hamilton, jimbo la Ontario, nchi ya Kanada. Baba yake, Bwana George Bridgwood, alikuwa fundi wa kuunda magari ya kukokotwa na farasi. Mama yake, Bibi Charlotte, alikuwa mchezaji wa michezo ya jukwaani, naye aliongoza kundi lake mwenyewe lililozunguka mji hata mji likiwachezea watu kwa kiingilio. Katika kazi hiyo mama alijiita Lotta Lawrence. Basi mtoto aliyeandikwa Florence Annie Bridgwood akapandishwa jukwaani angali mdogo kabisa, akiimba na kupiga mluzi, na hapo naye akaitwa Lawrence. Ndiyo kusema jina lake la kwanza kujulikana na watu halikuwa lake wala la baba yake. Lilikuwa jina la kazi la mama yake. Naomba msomaji aliweke neno hili moyoni, maana habari ya jina ilimwandama bibi huyu maisha yake yote.

Baba yake alifariki mwaka 1898 kwa kuvuta gesi ya makaa kwa bahati mbaya. Jamaa wakahamia Buffalo, katika dola ya New York, na huko Florence akasoma shule, akajifunza kuteleza juu ya barafu na kupanda farasi. Ujuzi huo wa farasi ndio uliomfungulia mlango. Kampuni ya Edison ilipotaka kupiga picha ya maisha ya Daniel Boone, mwindaji mashuhuri wa Marekani, ilimtafuta msichana awezaye kukaa juu ya farasi bila kuanguka. Florence akachukuliwa, na mama yake naye akapewa sehemu ndogo. Walipiga picha hiyo nje, katika baridi kali, kwa malipo ya dola 5 kwa siku, nayo ikaonyeshwa mwaka 1907. Baadaye alifanya kazi kidogo katika kampuni ya Vitagraph, na mwaka 1908 Bwana D. W. Griffith, mwelekezaji wa kampuni ya Biograph mjini New York, akamchukua kwa mshahara wa dola 25 kwa wiki.

Yafaa nieleze kidogo sinema za siku zile zilivyokuwa. Picha hazikuwa na sauti. Nyingi zilikuwa fupi, robo saa au chini yake, na kampuni moja iliweza kutoa mbili kwa wiki. Mchezaji alikuwa kama kibarua: leo malkia, kesho mwoshaji nguo, keshokutwa mke wa nyumbani katika picha ya kuchekesha. Florence alicheza hayo yote, tena upesi upesi. Lakini jambo la ajabu ni kwamba majina ya wachezaji hayakuandikwa popote, si mwanzo wa picha wala mwisho wake. Wachezaji wengine walitaka iwe hivyo, kwa kuwa watu wa jukwaani waliiona sinema kuwa kazi ya aibu. Sababu kubwa zaidi ilikuwa mfuko wa tajiri. Wenye kampuni walijua vema kwamba mchezaji akijulikana jina atadai mshahara mkubwa, na asipopewa atahamia kwa jirani. Asiye na jina atahamia wapi?

Watazamaji, hata hivyo, wana macho. Waliiona sura ile ile ikirudi wiki baada ya wiki, wakaipenda, wakaanza kuandika barua kwa kampuni kuuliza yule msichana ni nani. Hawakujibiwa. Kwa kukosa jina wakambandika jina la kampuni: wakamwita msichana wa Biograph. Fikiri, ndugu msomaji, hali ya mtu huyo. Anapita njiani, watu wanamtambua na kumfuata, na hakuna awezaye kumwita. Katika mwaka huo wa 1908 aliolewa na mchezaji mwenzake, Bwana Harry Solter. Mwaka uliofuata mume na mke wakaanza kutafuta kazi kwingine, Biograph ikapata habari, na wote wawili wakafukuzwa.

Hapo anaingia Bwana Carl Laemmle. Huyu alikuwa mhamiaji kutoka Ujerumani, mtu mfupi wa kimo lakini mrefu wa hila, ambaye baadaye aliianzisha kampuni ya Universal. Mwaka 1909 alikuwa na kampuni changa iliyoitwa IMP, naye alihitaji kitu cha kuwavuta watu. Akamwajiri Florence. Yaliyofuata ni kisa kinachosimuliwa mpaka leo. Mapema mwaka 1910 ilitokea habari kwamba yule msichana wa Biograph amegongwa na tramu mjini New York na amekufa. Mwezi Machi Bwana Laemmle akatoa tangazo gazetini akisema kwamba habari hiyo ni uwongo wa maadui zake, kwamba Bibi Florence Lawrence yu mzima wa afya, na kwamba sasa yumo katika kampuni yake. Wengi huamini kwamba uwongo ule aliutunga Bwana Laemmle mwenyewe ili apate nafasi ya kuukanusha. Kama ni kweli, basi alitumia kifo kutangaza jina.

Ili watu wasadiki kwamba yu hai, akapelekwa St. Louis, mji ulio kando ya mto Mississippi, mwezi huo huo wa Machi 1910, pamoja na mchezaji mwenzake King Baggot. Umati uliofurika kumpokea uliwashangaza hata waliouita. Inasimuliwa kwamba watu walimsonga na kumng'oa vifungo vya koti wapate ukumbusho. Tangu hapo jina lake likaandikwa, na wengi humhesabu kuwa nyota wa kwanza wa sinema duniani. Wako wanaobisha. Wengine humtaja Max Linder wa Ufaransa, na wengine Florence Turner wa kampuni ya Vitagraph, ambao nao majina yao yalianza kutangazwa karibu na wakati huo. Mimi sioni haja ya kugombania uzi huo. Linalotosha ni kwamba alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kabisa ambao tajiri wa sinema alikubali kuwataja kwa jina, na kwamba baada yake mlango haukufungika tena.

Alikaa IMP muda wa mwaka mmoja hivi, akahamia kampuni ya Lubin mjini Philadelphia, na mwaka 1912 yeye na mumewe wakawa na kampuni yao, Victor, kwa msaada wa fedha za Bwana Laemmle. Kutoka dola 5 kwa siku alikuwa amefika dola 500 kwa wiki. Akanunua shamba la ekari 50 huko New Jersey, akapanda mawaridi. Akawa na kitu kingine ambacho kwa mwanamke wa wakati ule kilikuwa kama kupanda simba: alikuwa na motokaa, na aliiendesha mwenyewe.

Hapo ndipo tunapokifikia kile kijiti cha usukani.

Siku hizo motokaa zilikuwa zinazagaa Marekani kama kumbikumbi baada ya mvua. Mwaka 1910 nchi nzima ilikuwa na yapata nusu milioni. Mwaka 1920 zilipita milioni nane. Kiwanda cha Ford kilianza mwaka 1913 kuziunga kwa mstari, gari likipita mbele ya mafundi badala ya mafundi kulizunguka gari, na bei ikashuka kila mwaka. Lakini barabara zilikuwa zile zile za farasi, na madereva wengi walikuwa wanafunzi wa jana. Dereva aliyetaka kupinda alitoa mkono wake nje na kuuonyesha upande. Usiku mkono hauonekani. Katika theluji na mvua hakuna apendaye kuutoa. Na abiria akinyosha mkono kuonyesha ng'ombe shambani, aliye nyuma anaweza kudhani gari linapinda. Farasi hakuwa na haja ya ishara nyingi, maana mwendo wake ni wa polepole na yeye mwenyewe ana macho. Motokaa haina macho.

Mwaka 1914 Bibi Florence alitengeneza chombo alichokiita mkono wa kuashiria. Kilifungwa nyuma ya gari, kwenye madigadi. Dereva akibonyeza kitufe, umeme uliuinua au kuushusha mkono wenye kibao, na mtu wa nyuma akajua gari linakwenda upande gani. Akaongeza na chombo cha pili: dereva alipokanyaga breki, kibao cha kuonya kwamba gari linasimama kiliinuka chenyewe nyuma. Kwa maoni yangu hiki cha pili ndicho chenye akili zaidi, kwa sababu hakikumtaka dereva akumbuke lolote. Mguu ule ule uliosimamisha gari ndio uliotoa habari. Taa nyekundu za breki za leo zafanya kazi kwa wazo hilo hilo.

Sasa, nchi nyingi zina hati ya serikali ya kumlinda mvumbuzi, ili mtu mwingine asikiunde chombo chake na kukiuza bila idhini. Bibi Florence hakujipatia hati ya namna hiyo kwa mkono wake wa kuashiria. Ni vigumu kuelewa jambo hili kwa mtu aliyepigania jina lake kwa miaka kadhaa katika sinema. Labda alikuwa na kazi nyingi, au labda aliona kwamba ni chombo cha kuwafaa watu na basi. Vyovyote iwavyo, wengine wakaja na vyombo vilivyo bora zaidi, wakaandika majina yao juu yake, na lake likapotea njiani.

Mama yake alikuwa mwangalifu zaidi. Yule Bibi Charlotte wa jukwaani naye alipenda mitambo, na mwaka 1917 alijipatia hati kwa chombo cha umeme cha kufuta maji katika kioo cha mbele, kilichotumia magurudumu madogo badala ya mpira mrefu kama waipa za leo. Kabla yake mwanamke mwingine wa Marekani, Bibi Mary Anderson, alikwisha kupata hati mwaka 1903 kwa kifutio cha kuvutwa na dereva kwa mkono. Wote wawili hawakutajirika. Kampuni ya Cadillac ilipoanza mwaka 1922 kuweka waipa katika kila gari lake, wanawake hawa hawakupata hata senti. Wanaosema kwamba motokaa ni mambo ya wanaume wangefaa wajaribu kusafiri wakati wa masika bila waipa na bila indiketa.

Wazo la mkono, walakini, halikufa. Huko Ulaya motokaa nyingi zilikuja kuwa na kimkono chembamba kilichojificha katika nguzo iliyo kati ya milango. Dereva alipozungusha swichi kilichomoza nje kikiwa na taa ndani yake, kisha kikarudi mahali pake. Wazee wetu wanaozikumbuka Morris Minor za miaka ya 1950 wanakijua vizuri. Kimkono hicho na ule wa Bibi Florence ni ndugu wa karibu kuliko taa za leo. Taa za kumetameta zilikuja kuwekwa kiwandani na kampuni ya Buick ya Marekani katika magari yake ya mwaka 1939, kwanza nyuma peke yake. Katika magari ya mwaka 1940 ziliwekwa na mbele, na swichi ikawa ya kujirudisha yenyewe baada ya kona.

Kujirudisha huko ndiko kunakokifanya kijiti kuwa kitu cha kustaajabisha, na ningependa kukieleza, maana wengi hukisukuma kila siku bila kujua kilichomo. Ndani ya kifuniko cha nguzo ya usukani kuna kibao chenye vishikizo vya shaba. Kijiti kikisukumwa, vishikizo hugusana na umeme huenda kwenye taa za upande mmoja. Kijisprini hukizuia kijiti kisirudi. Kwenye nguzo yenyewe kuna kidole kinachozunguka pamoja na usukani, nacho humgusa mwenzake wa plastiki aliye kwenye swichi. Wakati wa kuingia kona kidole hupita tu bila kudhuru. Wakati wa kunyosha usukani hukisukuma kile cha plastiki, kijiti kikaruka na kurudi katikati. Ndiyo sababu dereva hana haja ya kukumbuka kuzima. Ule mlio wa tik, tik hutoka katika chombo kingine kidogo. Katika magari ya zamani kilikuwa na kipande cha madini kinachopata moto na kunyooka, kikakata umeme, kikapoa, kikaunganisha tena. Taa moja ikiungua mlio hubadilika, na dereva mwenye masikio hujua kabla hajashuka.

Mafundi wanaotengeneza magari ya michezo ya zamani hukijua kijiti hiki kwa jasho. Chukua MGB, gari dogo la Kiingereza la viti viwili lililoundwa Abingdon tangu mwaka 1962 hadi 1980. Plastiki ya swichi yake huzeeka, ikawa kavu kama kijiti cha muhogo, na siku moja dereva akikisukuma kijiti hubaki nacho mkononi. Kubadilisha si kazi ya nguvu ila ya saburi. Fundi hutoa waya wa betri kwanza, hufungua kifuniko cha nguzo, na hutazama rangi za waya kabla ya kuchomoa lolote. Katika magari ya Kiingereza ya wakati huo waya wa kijani wenye mstari mwekundu huenda taa za kushoto, na wa kijani wenye mstari mweupe huenda za kulia. Aliyezichanganya atawadanganya watu wote walio nyuma yake. Ikibidi kuung'oa usukani, hutia alama mahali ulipokaa. Ukirudishwa umekosea hata jino moja, kile kidole hakitakuwa mahali pake, na indiketa ya upande mmoja itajizima mapema huku ya upande wa pili haijizimi kabisa.

Katika barabara zetu kuu taa hizi zimekuwa lugha. Dereva wa lori akiwasha ya kulia mahali pasipo na njia ya kupinda, mwenye basi nyuma yake huelewa kwamba mbele kuna gari linakuja, asijaribu kupita. Akiwasha ya kushoto, huelewa kwamba njia ni nyeupe. Ni lugha ya hatari, kwa kuwa lori huenda likawa kweli lataka kupinda kushoto. Hata hivyo watu hukabidhiana roho zao kwa ishara hizo bila kujuana sura.

Turudi kwa Bibi Florence mwenyewe. Miaka ile ile alipokuwa akitengeneza mkono wake wa kuashiria, bahati yake ilianza kugeuka. Katika kupiga picha iitwayo Pawns of Destiny palihitajika moto, moto ukawashwa, nao ukawashinda waliouwasha. Aliungua, akaanguka vibaya, akaumia mgongo. Bibi huyu alisikitika kwamba kampuni haikumlipia gharama za matibabu. Mwaka 1916 alirudi kazini katika picha ya Elusive Isabel, lakini mwili ulimshinda. Baada ya kuimaliza alilala miezi minne bila kuweza kujimudu. Alipopata nafuu ya kutosha, sinema ilikuwa imekwisha kwenda mbele bila yeye. Picha zilikuwa ndefu, kazi ilikuwa imehamia California, na nyota wengine walikuwa wamechomoza. Mary Pickford, aliyeingia Biograph mwaka 1909, mwaka ule ule aliofukuzwa Florence, sasa alikuwa akilipwa fedha ambazo Florence hakuwahi kuziota.

Mengine nayapita upesi, kwa kuwa ni huzuni juu ya huzuni. Bwana Solter alifariki mwaka 1920. Mwaka 1921 aliolewa na muuzaji wa motokaa, wakafungua duka la vipodozi mjini Los Angeles, na ndoa hiyo baadaye ikavunjika. Mwezi Agosti 1929 mama yake alifariki, naye akatumia fedha nyingi kumwekea sanamu kaburini. Miezi michache baadaye masoko ya fedha ya Marekani yakaanguka, na akiba yake nayo ikaenda. Mwaka 1933 aliolewa mara ya tatu na mume mkali aliyempiga. Ndoa hiyo haikutimiza nusu mwaka. Kampuni ya MGM, kuanzia mwaka 1936, iliwapa wachezaji wa zamani sehemu ndogo ndogo kwa dola 75 kwa wiki, na Bibi Florence alikuwa mmoja wao. Aliyekuwa akitafutwa kwa barua na watu asiowajua sasa alisimama nyuma kabisa katika umati wa picha, na jina lake halikuandikwa, kama mwanzo.

Juu ya hayo akapatwa na ugonjwa wa uboho, ule ulio ndani ya mifupa, ambao madaktari wa wakati ule hawakuwa na dawa yake. Maumivu na upweke vilimlemea. Tarehe 28 Desemba 1938, akiwa na umri wa miaka 52, alijitoa uhai. Ni jambo la kuhuzunisha sana kwamba katika mji uliojaa watu waliotajirika kwa njia aliyoifungua hakuonekana wa kuubeba mzigo huo pamoja naye. Wakati huo huo magari ya Buick ya mwaka 1939, yenye taa za kumetameta, yalikwisha kuwa madukani. Sijui kama aliyaona.

Alikuwa amecheza katika picha karibu 300. Nyingi zimepotea, kwa kuwa filamu za siku zile zilikuwa rahisi kuungua na hakuna aliyedhani kwamba yafaa kuzitunza. Alizikwa Hollywood, katika makaburi yale yale alimozikwa mama yake. Mama alikuwa na sanamu. Binti hakuwekewa hata jiwe. Kaburi lake lilikaa bila jina zaidi ya miaka 50, mpaka mwaka 1991, mchezaji mmoja wa sinema, Mwingereza kwa kuzaliwa, alipolipia bamba la kuwekwa hapo, kwa sharti kwamba yeye mwenyewe asitajwe. Bamba hilo lina jina la Florence Lawrence, lasema kwamba ndiye msichana wa Biograph, na kwamba ndiye nyota wa kwanza wa sinema. Habari ya motokaa haimo.